Angalau Kosa Moja: Kwa Mama Koma Aliyestaafu

Ijumaa ya tarehe 28 Februari, saa kumi jioni, kiwanda chetu cha uchapaji kilimpoteza msahihishaji wake wa pekee. Hajafa, amestaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, tena ana afya kutuzidi tuliobaki. Kinachouma ni kwamba chumba chake kilifungwa jioni ileile, na mpaka leo hakuna aliyekalia kiti chake.

Alianza kwa kupanga kurasa, akahamia usahihishaji kwa sababu hakuweza kunyamaza akiona neno limekosewa. Tulimwita Mama Koma. Alisoma prufu, zile kurasa za majaribio, kwa sauti, na kila aliposema "koma", wageni walinyamaza wakidhani wamegombezwa. Hakuwahi kuwatoa wasiwasi.

Mimi nilianza kwa kufagia vipande vya karatasi chini ya mtambo ninaouendesha leo. Hesabu nilijifundisha mwenyewe. Sarufi alinifundisha yeye, kwa kunicheka.

Kila kitabu kilichopita mikononi mwake kilibeba mstari huu mwanzoni: "Kitabu hiki kina angalau kosa moja." Aliamini kila ukurasa aliousahihisha ni safi, na aliamini pia kwamba hakuna kitabu kisicho na kosa. Nilimwambia mawili hayo hayapikiki chungu kimoja.

"Basi usile," akanijibu.

Ndipo akaja mfugaji nyuki aliyetuletea kijitabu chake tukichape. Alikuwa amekisoma mara nne bila kuona kosa, na amekuja juu: mstari ule ni uongo, na uongo ni kosa.

"Kwa hiyo kosa lipo," akasema Mama Koma.

"Lipo, ndiyo."

"Basi mstari umesema kweli, kaka yangu."

Mfugaji akafikiri. "Ukiwa kweli, si kosa tena. Basi kitabu hakina kosa, na mstari ni uongo tena."

Wakazunguka hivyo mpaka chai ikapoa. Mwishowe Mama Koma akakiri amenaswa, akacheka, akasema mstari ule ni kweli na ni uongo kwa pamoja, na yeye ataupokea hivyo ulivyo. Mimi sikukubali, na sikubali hadi leo. Tumebishana miaka kumi na tisa.

Lakini alikuwa na mpaka wake, na hapa naomba wakubwa wasome polepole. Ruhusa hiyo ya kuwa kweli na uongo kwa pamoja aliipa tu sentensi inayojizungumzia yenyewe. "Tarehe ya mtihani ikiandikwa Jumatatu huku na Jumanne kule," alikuwa akisema, "huo ni uzembe. Nenda kaulize ni lini."

Wiki iliyopita nilimuuliza meneja kama nafasi ya msahihishaji bado ipo. Akatabasamu: "Ipo, lakini haipo. Si ndivyo Mama Koma alivyotufundisha?" Ipo kwenye muundo wa kiwanda, haipo kwenye mpango wa kuajiri. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu asubuhi hiyo nilikuwa nimechapa kadi mia tatu za kuwaalika watu kwenye sherehe ya ndoo. Baba mdogo wa bibi harusi alipiga simu kuuliza waje na maji au watayakuta.

Binti wa chumba cha kupanga kurasa, aliyenolewa na Mama Koma miaka sita, yuko tayari kuanza hata kesho. Anasubiri tu kuambiwa.

Mama, asante kwa kila herufi uliyoirudisha mahali pake, na kwa kutuokoa na aibu ambazo wengine wetu hatukujua zilitukaribia. Tunakutakia siku ndefu za kusoma bila kalamu mkononi, ingawa tunajua hutaweza.

Na kwako, meneja: kiti hakijizungumzii. Kina mtu au hakina. Nafasi ya msahihishaji ipo, au haipo? Tunataka neno moja, kwa maandishi, kwenye ubao wa matangazo, kabla ya saa sita mchana Ijumaa hii.