Bi Spana na Raba za Pikapu ya Zahanati

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti mkae nasi. Leo tunamkumbuka fundi. Fundi wa magari, mwanamke, tena mwenye maneno yake. Mtaa mzima ulimwita Bi Spana. Hata mwanawe akimtafuta kwa majirani aliuliza, "Bi Spana kapita hapa?" Ametutoka wiki iliyopita, nyumbani kwake, baada ya kuugua. Alitengeneza magari mengi, lakini sisi tunamkumbuka kwa kazi moja. Aliichagulia pikapu ya zahanati raba za nyuma.

Najua mnachosema. Raba tu? Ngojeni kwanza.

Gereji yake ilikuwa ua wa nyumba yake. Shimo la kuingilia chini ya gari, bati la kuzuia jua, na benchi ambalo hakuna mteja aliyewahi kuinuka juu yake bila alama ya grisi. Dada yake mkubwa anatuambia kwamba utotoni hakuna saa wala redio iliyosalimika mikononi mwa mdogo wake. "Tulikuwa tunaficha vitu," anasema. "Siyo kwamba aliharibu. Alivirudisha vizuri kabisa, ila sisi tulikuwa tumeshakosa taarifa ya habari." Alipokua akaingia kwenye ufundi wa malori ya saruji, na huko akakaa miaka mingi.

Sasa njooni kwenye pikapu. Ilikuwa inashusha wagonjwa kutoka mlimani hadi hospitali. Godoro nyuma, turubai juu, muuguzi pembeni. Dereva alikuwa mwanawe Bi Spana, mtoto wake wa pekee. Barabara yenyewe mawe na makorongo, juu mpaka chini.

Nyuma ya gari lile kuna raba mbili, wasikilizaji. Moja huku, moja kule, zinakaa kati ya ekseli, chuma kinachoshika magurudumu, na chasisi, fremu ya gari. Gari lenye mzigo likitumbukia shimoni, springi zinajikunja na ekseli inapanda juu. Raba ndiyo inayoipokea. Raba ikifa, chuma kinagonga chuma, na aliyelala godoroni anagongwa naye. Raba za pikapu hii zilikuwa zimekufa zamani.

Basi wajawazito wa mlimani wakaanza kulikimbia gari. Mmoja wao alikuwa mke wa dereva mwenyewe, mkwewe Bi Spana, mwalimu wa shule ya huko juu. Mimba yake ya kwanza iliharibika, na siku hiyo alishushwa na pikapu hiyo hiyo. Daktari alimwambia si gari. Yeye akaapa hapandi tena. Sasa alikuwa na mimba ya pili, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba lazima ajifungulie hospitali, la sivyo maisha yake na ya mtoto yatakuwa hatarini. Gari lingine halikuwepo.

Bi Spana akaingia kazini. Akafunga raba fupi, ngumu, za aina aliyoizoea kwenye malori, akajisifu kwamba gari hilo sasa haligongi tena maisha. Kweli halikugonga. Muuguzi alipanda nyuma kulijaribu, akarudi ameshika kiuno. Akasema gari halina tatizo lolote, mwenye tatizo sasa ni yeye. Bi Spana alicheka sana. Halafu akakaa kwenye benchi lake lenye grisi.

"Nimelinda chuma," alimwambia mwanawe, "nikamsahau mtu."

Ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote ile mzigo wake ulikuwa saruji, na saruji hailalamiki. Zile raba zilikuwa za kuokoa chasisi. Kosa hilo, wasikilizaji, ni fundi mzoefu tu anayeweza kulifanya.

Akaanza upya. Alijaza mchanga kwenye magunia, uzito wa mgonjwa na muuguzi wake, akayapakia, ndipo akapima nafasi chini ya chasisi. Safari hii hakupima gari tupu. Akazunguka maduka ya vipuri akizibonyeza raba kwa kidole gumba, nyingine akizikanyaga, mpaka muuzaji mmoja akamuuliza kama anatafuta raba au viatu. Akapata laini, ndefu. Ndefu mno. Gari likipakiwa zilikuwa zimeshailalia ekseli, springi hazina kazi. Akazirudisha. Mwishowe akapata zilizochongoka nchani, laini zinapogusa, ngumu kadiri zinavyobanwa. Gari likiwa na mzigo, bado vidole vilipita kati ya raba na ekseli.

Kisha akapachika donge la udongo mbichi pale vyuma vinapoweza kugongana, ili vikigongana lipondeke, akapanda nyuma, akalala godoroni mchana kweupe, akamwamuru mwanawe apite makorongo yote. Mwanawe akagoma. Akaambiwa aendeshe au atoe ufunguo. Watu walitoka nje kumwonea huruma mgonjwa mahututi, mpaka mgonjwa alipoanza kumfokea dereva kwamba amelikwepa shimo. Waliporudi, donge lilikuwa zima. Mgongo wake pia.

Mkwewe aliposikia habari hizo alilia, akasema hapana. Bi Spana hakubishana naye. Alihamia kwake, akapika, akaosha vyombo, akasubiri. Wiki aliyoipanga daktari ilipofika, alitandika godoro nyuma ya gari, akalala upande mmoja, akaacha nafasi. Mkwewe alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akapanda. Walishuka mlima wameshikana mikono, na mtoto alizaliwa hospitali, wa kike, mzima, na mama yake mzima.

Kwa dada mkubwa, kwa mwana, kwa mkwe na kwa wajukuu, poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Mungu amlaze pema, nasi tuseme bila kuona haya kwamba tulikuwa na mtu.

Jana mkwewe alituambia kwamba wodini, mtoto akiwa kifuani, alimuuliza Bi Spana swali. "Mama, ulikuwa na uhakika na zile raba?"

Bi Spana akamjibu, "Sikuwa nao, mwanangu. Ningekuwa nao, ningekaa mbele."

Wasikilizaji wapendwa, kazi unayoifanya leo kuna mtu ataiegemezea mwili wake. Fikiria kama wewe ungekubali kulala pembeni yake.