Wigi la Kwenye Droo ya Mapokezi

Mgeni rasmi, Mama Mkurugenzi kutoka makao makuu, Bwana Meneja, mpiga picha pamoja na taa zako, wahudumu wenzetu wa mapokezi, vyumba, jiko na dobi:

UKARIBISHO

Kwa niaba ya wahudumu wa kike wa hoteli hii, karibu sana, Mama. Ulipoteremka garini tulikuwa madirishani, hatukufichi. Tulitazama kichwa chako kabla ya viatu. Nywele fupi, za kipilipili, hazijatiwa dawa. Mpishi wetu akasema, "Afadhali, huyu ni mwenzetu." Fundi cherehani wa mapazia akamjibu, "Mwenzako wapi! Bosi hana wa kumwambia akachane." Mpaka tunasimama hapa, wawili hao hawajaelewana.

Tunajua umeshangaa kutukuta sote tumejifunga vitambaa, wakati tangazo la ubaoni lilisema kila mwanamke aje na nywele zake za asili, apigwe picha za kuitangaza hoteli. Tumekuja nazo. Zimo humu ndani. Tutaeleza kwa nini hazijatoka.

Kabla ya hapo kuna aya tuliyoletewa na ofisi ya meneja ikiwa imeandikwa tayari. Tunaisoma kama ilivyo: "Tunaushukuru uongozi kwa mazingira bora na rafiki ya kazi." Aya imekwisha. Bwana Meneja, karatasi uliyoipitisha ilikuwa moja. Hizi nyingine ni viambatisho.

HISTORIA

Mama, kwenye droo ya mapokezi, chini ya funguo za akiba, kulikuwa na wigi. Lilinunuliwa zamani, siku ya harusi ya mteja mkubwa, mwenzetu mmoja alipofika amefumua rasta na hajapata nafasi ya kusuka tena. Lilikuwa la siku ile tu. Likahamia. Ikawa desturi: ukifika hujasuka wala hujatia dawa, unafungua droo. Hakuna mahali ilipoandikwa, na ukimuuliza meneja atakwambia hajawahi kumlazimisha mtu. Ni kweli kabisa. Huwa anaitazama droo tu.

Limevaliwa na wenye vichwa vidogo na sisi wenye vichwa vya haja. Lilinuka mafuta ya kila mtu. Kuna siku lilifuliwa pamoja na mashuka, likarudi limesimama wima upande mmoja, na dada wa zamu akapokea wageni kutwa nzima kaegemea ukuta ili upande ule usionekane. Tulicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu makubwa ni dada mmoja tunayemwita Karibu, kwa sababu neno hilo akilitamka yeye, hata mgeni aliyenuna kwa uchovu wa safari hulegea. Amekaa mapokezi miaka mingi. Anakumbuka nani hataki chumba cha jirani na lifti, na nani amefiwa na mke asiulizwe habari za nyumbani. Wageni wakipiga simu humuulizia yeye kwanza, chumba baadaye.

Mafanikio mengine meneja atayasoma mwenyewe.

CHANGAMOTO

Dawa ya kunyoosha nywele ilimuunguza Karibu kichwa. Si mzaha, alikuwa akiamka mto umegandana na kidonda. Daktari akamwambia aachane na dawa, na asivae kitu cha kubana kichwani. Akanyoa, zikaota nyingine. Alikuwa hajaziona nywele zake tangu utotoni. Alisimama mbele ya kioo akizipapasa, akashangaa zilivyo laini, maana maisha yake yote aliambiwa ni ngumu. Alizipenda.

Shangazi yake hakuzipenda. "Mwanangu, na kichwa hicho nani atakuoa?"

"Shangazi, mbona nimeshaolewa?"

"Ndiyo nasema, asije akazinduka."

Akaja kazini amezichana vizuri, amezitia mafuta. Meneja akasimama mbele ya meza yake.

"Nenda kachane nywele."

"Nimechana, bosi."

"Basi chana tena."

Akachana tena, palepale. Nywele zikazidi kuinuka. Meneja akaitazama droo. Karibu akasema daktari amemkataza. Meneja akasema hakuna aliyemlazimisha. Wiki ileile akahamishiwa dobi, chini kabisa, "kwa muda, kuimarisha idara." Muda huo mpaka jana ulikuwa haujaisha.

Kazi ya dobi si aibu, Mama, wenye kazi hiyo tuko hapa. Lakini yeye kila simu ya mapokezi ikiita huko juu, mkono unanyooka wenyewe, halafu anakumbuka alipo, anaurudisha. Binti yake mdogo alimuuliza, "Mama, nywele ndizo zimekuteremsha?" Kesho yake mtoto akaomba anyolewe zote. Karibu alitusimulia hayo akikunja foronya. Hakulia, ila foronya ileile aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Ilimuuma kila mmoja wetu kama mtoto ni wake.

Sasa asubuhi hii akapandishwa juu. Akapewa sare ya mapokezi na kuambiwa asimame kwenye meza ileile, na nywele zilezile, apigwe picha. Akauliza, "Mpaka lini?" Akajibiwa, "Mpaka picha ziishe."

Hapo ndipo machale yalipotucheza. Mwenzetu wa vyumba akasema, "Jamani, hawa wanataka kututambua tu. Leo picha, kesho dobi sote." Wengine tukambishia, lakini kwa sauti ndogo. Fundi cherehani akachukua shuka chakavu, akakata. Ndiyo maana vitambaa vyetu vinafanana, ila cha Karibu kimelegezwa kisimbane.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika mengi: feni za dobi, viatu vya jikoni, lifti ya wahudumu. Tumeyafuta. Tunaomba jambo moja. Picha zikiisha, Karibu abaki mezani kwake na nywele zake, na mtu asimtazamie droo.

Tafadhali usituambie utalipeleka kwenye kikao. Vikao tunavijua, sisi ndio tunaopeleka chai.

ZAWADI

Mgeni rasmi haondoki mikono mitupu. Ndani ya boksi lililo mbele yako mna lile wigi. Tumelifua, kwa mkono safari hii. Ondoka nalo, Mama. Jumatatu tutaifungua droo, na Jumatatu nyingine pia, tuone kama halijazaa jingine. Utuwie radhi kwa kusema hivyo. Tumeshapigwa picha nyingi, na bado tupo hapa tunaomba.

HITIMISHO

Msomaji wa risala hii ndiye Karibu. Tuliiandika sisi, naye akakubali kuisoma kwa sharti tumwandike kama mtu mwingine, maana alisema ikiwa "mimi", akifika kwenye habari za mtoto hatavuka. Kama sauti ilikatika, mtusamehe.

Sare aliyovaa ameambiwa airudishe picha zikiisha. Tunakuomba, Mama, utujibu akiwa bado ameivaa. Ukisema anabaki, vitambaa tutavifungua hapahapa mbele yako, na mpiga picha apige mpaka achoke. Usiposema, basi utatuacha kama ulivyotukuta.

Mungu akufikishe salama kwako, akulindie kichwa chako na vilivyomo, na watoto wa kike wa nyumba yako wasiulize swali alilouliza mtoto wa mwenzetu.

Ni sisi,
Wahudumu wa kike wa hoteli, wa juu na wa dobi,
tuliojifunga vitambaa.