Siku Bendera Ilipokataa Kufunguka

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mzee Bhalchandra Tembe wa mtaa wa Anandban, hapa hapa Sangli. Ametutoka wiki iliyopita, nyumbani kwake. Alikuwa mwalimu wa hisabati aliyestaafu, na kila Jumapili alifagia barabara ya mtaa. Alikuwa pia mtu mwenye wivu. Simsengenyi marehemu. Mkewe, Bi Indumati, ndiye aliyenikataza kumpaka rangi. "Ukimsifu tu," aliniambia, "wanaomjua watazima redio."

Basi msizime.

Mzee Tembe alianza kufagia barabara ile akiwa kijana, nywele nyeusi. Walikuwa wanaume wengi wakati huo, kofia nyeupe kichwani, fagio mkononi. Wakimaliza kufagia wanazibua mtaro ulio nyuma ya nyumba, kisha wanakunywa chai wakiwa wamechafuka mpaka magotini. Wenzake walikufa mmoja mmoja. Yeye akaendelea peke yake. Na kwa kazi hiyo mtaa ukampa heshima moja tu, aliyoithamini kuliko pensheni yake: kila tarehe ishirini na sita Januari, Siku ya Jamhuri ya India, yeye ndiye aliyevuta kamba ya bendera.

Wengi mnajua inavyokuwa siku ile. Bendera inakunjwa, maua yanawekwa ndani, inafungwa fundo jepesi na kukaa juu ya mlingoti. Mtu anavuta kamba, fundo linaachia, bendera inafunguka na maua yanamwagika. Wote wanaimba wimbo wa taifa, halafu watoto wanakimbilia jalebi zilizochovywa shira. Mzee Tembe alikunja, alifunga, alivuta. Yote mwenyewe.

Kisha Ketaki akakua.

Ketaki ni mjukuu wake, binti wa mwanawe, aliyelelewa nyumba ile ile. Alisomea sheria. Yeye fagio hakulishika. Alishika simu. Kila asubuhi aliupiga picha ule mtaro, akampelekea ofisa wa manispaa, na akirudi jioni anauliza kwa maandishi fedha za mtaro zimekwenda wapi. Ofisa akachoka kusumbuliwa. Mwaka haujaisha, mtaro ukajengewa mfuniko wa zege, na mbu wakapungua.

Mtaa mzima ulimpongeza Ketaki. Babu yake alinuna.

Bi Indumati anayakumbuka maneno yao ya mezani, siku hiyo walikuwa wanakula poha, ule mchele bapa wa kukaanga.

"Sisi tulisafisha," Mzee akasema. "Nyinyi mnapiga picha."

"Babu, umesafisha uchafu ule ule tangu baba yangu yuko kaptula," Ketaki akamjibu. "Kuna watu wanalipwa kuuondoa. Mimi nimewakumbusha tu."

"Nchi haijengwi kwa kulalamika."

"Wala haijengwi na babu mmoja mwenye kiuno kibovu. Ongeza poha, hasira zinakula nguvu."

Bi Indumati alicheka. Mzee hakucheka. Alimpenda yule mtoto, hilo nyumba nzima inalijua, ndiye aliyemfundisha kuhesabu. Lakini kila jirani aliyesema "hongera kwa mjukuu wako" alikuwa kama anamkanyaga kidole. Kijiba cha roho kilimkaa hapa, kifuani. Usiku alimwambia mkewe, "Mimi nimefagia maisha yangu yote, hakuna aliyenipiga picha."

Januari ikafika. Kamati ya mtaa ikaja na ujumbe, kwa heshima zote na sanduku la peremende. Mwaka huu kamba avute Ketaki. Mzee akunje na kufunga, maana hakuna anayejua kukunja kama yeye.

"Sawa," alisema. Peremende hakuzigusa.

Alfajiri ya siku ile alikunja bendera vizuri kama kawaida. Akaweka maua. Akafika kwenye fundo. Fundo lile huzungushwa mara moja, ili likivutwa liachie. Yeye akazungusha tena. Akakaza. Alijiambia ni kwa sababu ya upepo, na upepo haukuwepo.

Ketaki akasimama chini ya mlingoti na sari nyeupe, akavuta. Bendera haikufunguka. Akavuta tena. Wazee wakaanza kunong'ona, watoto wakaanza kucheka. Na Mzee Tembe, amesimama safu ya mbele, akasikia maneno aliyokuwa akiyangoja: "Mzee, njoo utusaidie."

Akaenda. Alitembea taratibu, tena kwa maringo. Akavuta kamba. Bendera ikakataa na kwake pia. Fundo lake mwenyewe lilikuwa limekaza kuliko alivyokusudia.

Ikabidi bendera ishushwe. Ketaki akaipokea mikononi isiguse ardhi, akalifungua fundo kwa kucha. Aliliangalia kwa muda. Kisha akawageukia watu, akasema, "Ni umande. Kamba imelowa."

Unadhani Mzee alishukuru? Bi Indumati anasema alirudi nyumbani amefura. "Hata wema kaniwahi," alisema. "Hakuniachia chochote." Wasikilizaji wapendwa, huo ndio wivu. Ukisamehewa, unamwonea gere aliyekusamehe.

Agosti, sikukuu ya Uhuru, siku ambayo bendera hupandishwa kutoka chini, kamba akarudishiwa yeye. Aliyependekeza ni Ketaki. Mzee akavuta, bendera ikapanda vizuri, na watu wakampigia makofi Ketaki kwa roho yake nzuri. Kamba aliyoililia aliishika kama mtu aliyeazimwa.

Mwezi uliofuata, mtaa ulikutana kuchagua katibu. Ketaki aligombea. Bwana Nene, jirani anayependa kusikika, akainuka na kusema, "Binti aliyeshindwa na kamba ya bendera ataweza kuendesha mtaa? Vijana wa leo ni wa simu tu. Mzee Tembe ni shahidi, muulizeni."

Watu wakamgeukia Mzee. Hapo alikuwa na nafasi yake. Angekaa kimya tu, asingetenda dhambi yoyote ya kuonekana, na mjukuu angeshindwa. Bi Indumati alikuwa kando yake.

Akasimama. "Haukuwa umande," alisema. "Fundo nililifunga mimi. Nililifunga lisifunguke."

Bwana Nene akauliza, "Kwa nini, Mzee?"

"Nilitaka mniite mimi."

Kuna waliocheka. Kuna waliosema ameidhalilisha bendera, na kweli aliidhalilisha. Ketaki alichaguliwa siku ile ile. Lakini hakumkumbatia babu yake. Alipita mbele yake akaenda nyumbani. Fundo alilijua tangu Januari. Kumbe alikuwa amejidanganya kwamba ni mkono wa uzee ulioteleza, sasa alijua ni makusudi.

Hakumsemesha. Chai alimpelekea, dawa alimpelekea, neno hakumpa. Mzee alikuwa akisema peke yake, kwa sauti ya kusikika jikoni, "Katibu wetu leo ana kazi nyingi." Jikoni kimya. Wiki iliyopita alilala mchana, hakuamka.

Nilimuuliza Ketaki kama angependa kusema lolote hewani. Alifikiri, akaniambia hivi: "Nilipanga kumnunia mpaka Diwali. Siku ya taa ningemwekea ladu tamu mdomoni, yaishe. Hakunisubiri."

Bi Indumati, Ketaki, na ukoo wote wa Tembe, poleni sana. Sisi wa redio hii tuko pamoja nanyi katika msiba huu, na mtaa wa Anandban uko pamoja nanyi. Mungu ampumzishe Mzee wetu, pamoja na wivu wake.

Nawe unayenisikiliza, wa rika la fagio au wa rika la simu, jiulize ni nani unayengoja ashindwe ili uitwe wewe. Jiulize pia ni nani umemnunia, na umempangia tarehe gani ya kumsamehe. Diwali ni wiki ijayo. Ketaki ameshanunua unga wa ladu.