Soli ya Namba Nne

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu chini ya kibaraza cha bati, mguu wake mmoja umevunjika ukawekewa tofali, na ubavuni mwake kuna kibanda cha fundi viatu. Ikifika saa mbili asubuhi Mama Birika huwa ameshawasha jiko, vikombe vimeshapangwa, na wenye benchi wameshakaa kila mtu pahali pake: Wembe, kinyozi ambaye mteja wake wa kwanza haji kabla ya saa nne, Breki, aliyeendesha malori miaka thelathini na sasa haendeshi hata toroli, na Kamusi, karani mstaafu anayeyakumbuka magazeti yote ya zamani, mapya hana habari nayo. Wa nne ni fundi viatu mwenyewe, wanamwita Gundi. Yeye hukaa kwenye kigoda mlangoni pa kibanda, mgongo kauinamisha, sindano mkononi, sikio kwa wenzake. Siku hiyo aliinama kuliko siku zote. Jana yake alasiri timu ya taifa ya wanawake ilikuwa imefungwa mabao nane kwa bila huko ugenini, na mtaa mzima ulisikia redioni.

— Nane! alisema Wembe, vidole vinane hewani. — Jamani, ile haikuwa mechi. Ule ulikuwa mnada.

— Mimi nilizima redio kwenye la tano, alisema Breki. — Moyo wangu bado nina kazi nao.

— Mwongo wewe. La saba nilikusikia ukipiga kelele.

— Nilikuwa nagombana na jirani.

Mama Birika akamimina. Kahawa ilikuwa ya moto, na kwa muda kidogo kilichosikika ni watu kupuliza tu.

— Mimi nawaambia tatizo ni nywele, alianza Wembe. — Msicheke. Mtu kasuka kichwa kizima, misuko imekusanywa hapa juu kama tita la kuni, halafu unamwambia apige mpira wa kichwa. Ukigonga pale, mpira unakwenda unakotaka wenyewe. Ndiyo maana namba nne alijifunga lile la pili. Wanyolewe wote, kipara, mtaniambia.

— Na wa kuwanyoa ni wewe, alisema Mama Birika.

— Kazi sikatai.

Walicheka. Gundi alivuta uzi, akaukata kwa meno, akasahau kwamba alikuwa hajapiga fundo. Ikabidi aanze upya.

Tangu dakika ya kwanza mtangazaji wa redio alisema hakupewa orodha ya majina, kwa hiyo angewaita wachezaji wetu kwa namba za jezi. Dakika tisini zote ikawa namba moja kaokoa, namba saba kaanguka, namba nne kapitwa. Kijiwe hakikujua namba nne ni mtoto wa nani. Gundi alijua. Namba nne alikuwa binti yake wa pili, beki wa kati, miaka ishirini na mmoja.

Alipoitwa kambini mara ya kwanza, miaka miwili nyuma, Gundi aliwaambia wenzake kwamba binti kaenda kwa shangazi yake kujifunza cherehani. Sababu ilikuwa ndogo, mtu hata anaona aibu kuisema. Wiki ileile Breki alikuwa amesimulia habari za baba mmoja ambaye binti yake anacheza mpira, akamwigiza huyo binti anavyotembea, na benchi lote likacheka mpaka Wembe akajimwagia kahawa. Gundi naye alicheka, tena kwa sauti. Baada ya kucheka vile angesemaje? Uongo ule aliutunga siku moja tu, lakini kila mtu akimuuliza, "Vipi, binti anaendeleaje na cherehani?" ilimbidi aulishe tena.

— Siyo nywele, alisema Breki. — Ni maji. Mimi nchi zile nimezipita na lori, nazijua. Timu ngeni inapewa maji yana madini ya kuvuta miguu. Mwaka fulani niliyanywa, siku tatu sikuweza kukanyaga klachi.

— Ulikuwa na malaria.

— Malaria na maji.

Kamusi alikohoa, na akikohoa vile watu hunyamaza, maana ndivyo anavyofungua kikao.

— Nyote mnapapasa gizani. Wale waliotufunga siyo wanawake. Yule namba tisa wao, mlimsikia akihojiwa baada ya mechi? Ile sauti?

— Alihojiwa kwa lugha yao, Kamusi. Hata neno hukuelewa.

— Sauti haina lugha.

— Tuache wa kwao, tuseme wa kwetu, alisema Wembe, na tayari alikuwa amesimama, mkono mdomoni kama kipaza sauti. — Na ile soli je? "Namba nne anakimbia, anamfukuzia, anamkaribia... lo! Kiatu kimefumka! Soli imebaki nyuma, wasikilizaji, namba nne anachechemea, mpira unampita, bao! La nne!"

Aliigiza na kuchechemea kwenyewe, mguu mmoja juu, mguu mmoja chini. Breki alicheka hadi machozi yakamtoka.

— Timu ya taifa! alisema Breki. — Inadondosha soli barabarani kama lori bovu!

— Fundi aliyekishona kiatu kile anyang'anywe sindano hadharani, alisema Wembe. — Sivyo, Gundi? Wewe ndiye mtaalamu, tupe hukumu.

Gundi hakuinua kichwa.

— Hakikushonwa, alisema. — Kilibandikwa tu.

— Umejuaje, na redio haina picha?

— Kilichoshonwa hakitoki hivyo.

Aliishia hapo, na wao wakadhani ni maneno ya ufundi.

Wiki mbili hivi kabla ya hapo, kambi ikikaribia kufunguliwa, binti alikuja nyumbani kwa siku mbili. Alipita kibandani na viatu vyake vya mpira ndani ya mfuko, vya kijani, vimechubuka, soli ya mguu wa kulia imeanza kuachia kwa mbele. "Baba, nishonee hivi, kesho kutwa naondoka." Gundi alivipokea, akavisukuma nyuma ya gunia la vipande vya ngozi. Kazi hazikuwa nyingi siku ile. Lakini Wembe na wenzake walikuwa palepale, hatua tatu, na viatu vilikuwa vidogo. Mtu angeuliza ni vya nani. Vijana wote wa kiume wa mtaa ule alishawashonea viatu vya mpira, mchana kweupe, na ushauri juu: piga chini, angalia mtu, usiangalie mpira. Vya mwanawe alisubiri kijiwe kitawanyike. Kijiwe hakikutawanyika mapema. Kesho yake vivyo hivyo. Asubuhi ya safari binti aliingia kibandani akavikuta vilevile alivyoviacha. Hakulalamika. Aliomba kopo la gundi, akakaa sakafuni, akabandika mwenyewe, akakalia kiatu ili kishike, kisha akaaga.

Jana, mtangazaji alipotaja ile soli, Gundi alikuwa peke yake ndani ya kibanda. Aliizima redio. Baada ya dakika mbili akaiwasha tena, kwa sababu kutokujua kulikuwa kubaya zaidi.

— Mnataka ukweli? Kamusi alikuwa anaendelea. — Nitawapa ukweli, lakini usitoke hapa. Timu yenyewe haipo.

— Haipo vipi?

— Haipo! Mechi ikikaribia linatoka basi, linaokota wasichana njiani, huyu hapa, yule pale, wanavalishwa jezi, wanapelekwa. Mnadhani kwa nini mtangazaji hana majina? Utaandikaje jina la mtu uliyemwokota stendi?

— Hilo sasa lina akili, alisema Breki.

— Hilo ndilo lenyewe! alisema Wembe.

— Hawakuokotwa, alisema Gundi.

Alikuwa amesimama. Hawakuzoea kumwona amesimama saa ile. Alionekana mrefu kuliko walivyomjua.

— Hawakuokotwa, Kamusi. Namba nne ni mwanangu.

Breki alikuwa na kikombe njiani kwenda mdomoni. Kikabaki njiani.

— Mwanao yupi? Yule wa cherehani?

— Hakuna cherehani. Hakujawahi kuwa na cherehani. Nilisema hivyo ili msimcheke.

Akawasimulia, maneno yakimtoka moja moja. Kwamba kambi ilikuwa ya siku kumi na moja, na kabla ya hiyo walikaa miezi kumi na minne bila mechi hata moja. Kwamba ligi yao ilisimama, hakuna aliyewaambia kwa nini. Uwanja walipewa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja na nusu, kisha wakatolewa, timu ya vijana wa kiume iingie. Anayewachua misuli ndiye huyohuyo anayefua jezi. Safari ilikuwa siku mbili kwa basi. Walifika asubuhi ya mechi, miguu imevimba, wengine viatu haviingii. Na viatu vya binti vililala nyuma ya gunia lile siku mbili nzima, yeye fundi akiviona, mkono wake mzima, sindano anayo.

— Kwa hiyo ile hukumu, Wembe, alimalizia, — fundi ni mimi.

Wembe alitazama mikono yake.

— Fundi, mimi nilikuwa nachekesha tu.

— Najua. Hata mimi siku ile nilicheka.

Kamusi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena. Mama Birika ndiye aliyesema.

— Umempigia?

— Nitamwambia nini?

— Mpigie kwanza. La kusema litakuja.

Simu ya Gundi ni ya zamani, sauti yake hutoka nje kama redio, na hapakuwa na aliyesogea asisikie. Iliita muda mrefu.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mama. Mmefika wapi?

— Tuko mpakani. Basi limeharibika, tumekaa juu ya mabegi.

— Umekula?

— Tumekula mikate.

Gundi aligeukia ukuta, kana kwamba ukuta ungemfichia sauti.

— Nilisikia mechi.

Kwa mbali zilisikika sauti za wasichana, na chuma kikigongwa.

— Vile viatu, mwanangu. Nilikuwa na nafasi ya kuvishona. Nilikuwa nayo. Nisamehe.

— Baba, siyo viatu.

— Ni viatu. Nilisikia.

— Baba, ungevishona tungefungwa saba.

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu aliyeulizwa saa akaitaja. Na hapo ndipo Gundi alipoumia kweli, kwa sababu tangu jana alikuwa amejitwika mzigo wote, na sasa mwanawe anamwambia kwamba humo ndani bao la kwake ni moja tu, hayo mengine saba hayana hata wa kuyaombea msamaha.

— Mnarudi kambini lini?

— Kambi imevunjwa. Wametuambia turudishe jezi ndani ya basi kabla hatujashuka. Wakituhitaji watatupigia.

— Lini?

— Hawakusema. Baba, wanatuita tusukume basi. Msalimie mama.

Ikakatika. Gundi aliishika simu vilevile sikioni kwa muda, kisha akairudisha mfukoni na kukaa kwenye kigoda chake. Hakuchukua sindano.

Breki alijaribu.

— Labda wakibadilisha kocha...

— Nyamaza kidogo, alisema Wembe, bila ukali.

Ndipo wakaja watu wawili kutoka upande wa chini wa barabara, mwanamke mwenye kitambaa cha bluu kichwani na msichana wa miaka kama kumi, mpira ameuweka ndani ya mfuko wa plastiki, ameukumbatia. Hawakuwa watu wa pale. Mwanamke alikuwa akisoma vibao vya maduka kama mgeni.

— Habari za asubuhi, wazee. Nawe mama. Hamjambo wote?

— Hatujambo, karibu.

— Samahani, sisi tumehamia juzi, hapo nyuma ya mashine ya kusaga. Huyu mwanangu mpira anaupenda kuliko chakula, na kule tulikotoka walikuwa na timu yao ndogo. Nilitaka kuuliza tu. Hapa mtaani wasichana huchezea wapi?

— Ah, hilo rahisi, alisema Breki, akaelekeza mkono. — Kuna kile kiwanja cha...

Mkono ukashuka. Kiwanja kile kilikuwa cha vijana wa kiume, kuanzia saa tisa mpaka giza, kila siku ya Mungu, na yeye mwenyewe ni mzee wa timu yao.

— Shuleni, alisema Wembe. — Lakini shuleni wanafunga geti saa nane.

Wakamtazama Kamusi. Kamusi aliirudia miwani yake kuifuta. Kisha wote wakamgeukia Gundi, kwa kuwa kama yuko mtu wa kujua, ni yeye. Naye alikumbuka binti yake alipojifunzia: uani, peke yake, akipiga mpira kwenye ukuta wa choo kila jioni, mpaka Gundi mwenyewe alipotoka siku moja akamwambia aache kelele. Hilo siyo jibu la kumpa mgeni.

Msichana aliwaangalia mmoja baada ya mwingine, akisubiri.

— Basi asanteni, alisema mama yake. — Nitauliza huko mbele.

Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Gundi. Yakatoka matone mawili na machicha. Gundi hakuona, alikuwa anawafuata kwa macho yule mama na mwanawe waliokwisha kuondoka. Walisimama kwenye duka la dawa. Mwenye duka akatoka nje, akatazama upande wa juu wa barabara, akatazama wa chini, akakuna kichwa.