Mheshimiwa Lockett Aliitika

Mchungaji, majirani, na nyinyi mliosimama kule nyuma kutuchunguza tu, mimi ni Keturah, kifungua mimba wa marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya Mheshimiwa Hezekiah Lockett, na neno hilo Mheshimiwa nitalitamka, hata kama karani wa mahakama ametukataza kuliandika kwenye jeneza, eti mtu mweusi haitwi hivyo.

Baba alizaliwa hapa Cane Ford, Georgia, mwaka 1826, wiki ya kuchinja nguruwe, tarehe hatuijui, maana waliommiliki hawakujisumbua. Alijifunza useremala utumwani, akamwoa mama yetu Dorcas bila cheti, wakafunga ndoa upya kanisani tarehe 3 Juni 1866, sisi watoto watano tukishuhudia, na mwaka huo huo akaanza shule, akakaa benchi moja na mimi, na kusoma nilimshinda, anisamehe.

Aprili 1868 mlimchagua mbunge wa jimbo, lakini Septemba wabunge weupe wakawafukuza wenzao weusi, wakalifuta jina lake. Baba hakurudi nyumbani ng'o! Kila asubuhi alipanda roshani ya wageni, na karani wa bunge, katika kuita majina, alipofika herufi yake na kumruka, yeye akapaza sauti, "Nipo!" Walimzomea, "We seremala, kapige randa huko!" naye akawajibu, "Nitapiga, mkishaniita." Siku ya kumi na moja yule karani, kwa kuzoea kumsikia, akajisahau, akaita, "Lockett!" Baba akaitika, na ikabidi iandikwe kwamba alikuwepo. Januari 1870 walirudishwa, akakalia kiti chake mpaka muda ukaisha, kisha akarudi kwenye randa yake.

Februari mwaka huu alishikwa na kichomi, akafariki Jumanne, tarehe 12 Machi 1889, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Tunamshukuru Daktari Bascom aliyevuka mto uliofurika, majirani mlioleta mchuzi wa kuku na mikate ya mahindi, na maseremala wenzake waliolichonga neno lile kwenye kifuniko kwa patasi, kwani karani alikataza kuandika, kuchonga hakukutaja.

Sasa nitamwita, na kwa kuwa leo yeye hawezi, itikeni nyinyi, kwa nguvu, mahakama haiko mbali.

Mheshimiwa Hezekiah Lockett!

Nimewasikia, na kule mahakamani wamesikia. Pumzika kwa amani, baba, tutakuitikia sisi.