Kofia ya Mwisho ya Bi Beya

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti, punguzeni moto wa kahawa. Leo tunamkumbuka Bi Beya wa hapa kwetu Ariana, jirani na Tunis, mfumaji wa shashia, zile kofia nyekundu za sufu. Arobaini yake ilikuwa jana. Na jana hiyohiyo ndipo kofia yake ya mwisho ilipofika nyumbani.

Bi Beya hakuzaliwa Ariana. Aliletwa bibi harusi kutoka Mahdia, na sindano tano za shashia alikuwa hajawahi kuzishika. Mama mkwe wake, Bi Douja, akamkabidhi sufu nyeupe. Beya akampima mumewe kichwa, akafuma kofia ikamkaa sawasawa. Sawasawa kabisa! Hapo ndipo alipoharibu.

Maana shashia ikitoka kwenye sindano, wasikilizaji, huwa kama gunia. Ukiivaa inakufunika mpaka mabegani. Kisha hupelekwa kwa fundi, ikakandwa kwa maji moto na sabuni, ikasinyaa, ikawa kofia. Ile ya Beya iliporudi, ilitosha kufunika kikombe cha kahawa.

Bi Douja alicheka hadi akajishika mbavu. "We binti, hii umemfumia mumeo au kuku wangu?"

Mwingine angejifungia chumbani. Beya alitafuta nyundo, akagonga msumari ukutani, akaitundika.

"Iache hapo, mama. Leo waje waicheke. Kesho watakuja niwafundishe."

Na kweli walikuja. Miaka ikaenda, ua wake ukajaa wanawake, sufu mapajani, kahawa yenye maji ya maua ya mchungwa ikizunguka. Binti yake, Monjia, anasema: "Mama hakutazama sindano. Macho kwetu, mdomo kwa jirani, mikono kwenye sufu. Ukinyemelea sahani ya makrudh, vile vitamutamu vya tende, unasikia, 'Monjia, rudisha!'"

Halafu macho yakazima. Si siku moja, polepole, hadi giza likatulia. Watu wakadhani sindano nazo zimekwisha kazi. Lakini mjukuu wake Skander, mtoto wa Monjia, alikuwa anaoa, na bibi alikuwa amekwisha tamka: kijana huyu ataoa akiwa na shashia iliyofumwa na mimi.

Fundi Hamouda, anayezikanda na kuzitia rangi, akaja kumsihi. "Bi Beya, usiniudhikie. Uzi ukilegea mahali pamoja tu, kwenye maji moto panatoboka. Jina lako lote hili, unataka liishie kwenye tundu?"

"Hamouda, wewe una macho mawili na juzi umemkanyaga paka wangu. Nenda kachemshe maji."

Akamwita Skander. "Umenyoa? Kanyoe kwanza, sitaki kupima nywele." Kijana alipopiga magoti mbele yake, alikizungushia kichwa viganja vyake, vidole vikatulia juu kidogo ya nyusi. Kisha akasema, "Haya, nimekupata." Hakupima tena.

Alifuma, akamaliza, akaipeleka kwa Hamouda. Kofia ikiwa bado majini, Bi Beya akafariki. Hakujua itatoka vipi. Wala sisi hatukujua.

Monjia anasema wazi: "Niliomba isirudi. Watu wangesema kipofu mng'ang'anizi, kamharibia mtoto harusi. Mama yangu asingekuwepo kuwajibu."

Jana, baada ya kisomo, Fundi Hamouda aliingia na kitu kimefungwa kitambaani. Alimpa Skander. Kijana hakuomba kioo, akaivaa.

"Ilisimama palepale," anasema Monjia. "Palepale vidole vya mama vilipotulia. Nililia mpaka nikaona haya."

Naye Hamouda akasema mbele ya wote: "Nimeigeuza nje ndani kutafuta kasoro. Sikupata. Na yule paka, jamani, nisameheni."

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Monjia, Skander, na wanawake wote waliojifunzia kazi katika ua ule. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Beya. Nanyi, kabla hamjazima redio, tazameni kitu kimoja nyumbani mwenu kilichofumwa au kushonwa kwa mkono. Kama aliyekifanya yu hai, mpigieni leo. Msingoje arobaini.

Skander alitaka kuitundika kofia mpya ukutani, iwe kumbukumbu. Mama yake akamkatalia. "Msumari huo ni wa ile ndogo. Hii ni ya kichwa."

Harusi ni Jumamosi, wasikilizaji. Bwana harusi kofia anayo.