Mipira Ambayo Fundi Dole Hakuikata

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Aliye jikoni apunguze moto. Aliye na wageni awaambie watulie kidogo, umbea utawasubiri. Leo tuna msiba wa mtu ambaye wengi wenu mliwahi kumwachia pikipiki mkaondoka bila wasiwasi. Leo tunamkumbuka Fundi Dole. Fundi wa pikipiki. Yule wa gereji iliyopakana na ukuta wa shule, mwenye kicheko kama kikohozi.

Jina la Dole hakupewa na wazazi. Alipewa na wateja. Ukimpelekea pikipiki, kabla hajaiwasha, kabla hata hajakuuliza habari za nyumbani, alikuwa anaingiza mkono chini ya tangi na kubinya mipira ya rejeta kwa dole gumba. Kwa wasiofahamu: pikipiki nyingi hupozwa na upepo tu. Lakini zipo nyingine, hasa zile kubwa za zamani, zinazopozwa na maji kama gari. Maji yanazunguka kati ya injini na rejeta, yanapita ndani ya mipira miwili, wa juu na wa chini. Mpira ukizeeka, unapasuka. Maji yanayochemka yanaruka nje. Na mguu wa dereva uko palepale.

"Ukibinya ukasikia ndizi mbivu, umekwisha," alikuwa akisema. "Ukibinya ukasikia biskuti, umekwisha zaidi."

Fundi wa matairi, aliyegawana naye ukuta na birika la chai kwa miaka mingi, ametuambia marehemu alikuwa na mdomo. "Mteja mmoja alibisha. Akasema mipira yake bado mizima, mbona inang'aa. Dole akamjibu, 'Hata maiti siku ya kwanza anaonekana amelala.' Mteja akanuna. Lakini akabadilisha."

Na hapa, wasikilizaji wapendwa, naomba mnisikilize vizuri. Fundi Dole alikuwa na sheria yake moja. Akishautoa mpira wa zamani, alikuwa anaupasua kwa kisu mbele yako, kutoka mdomo hadi mdomo, kama anayepasua samaki. Hakurudishii mpira mzima. Hata ulie. Alisema binadamu ni bahili, ukimwachia mpira mbovu ataufunga utepe na kuurudisha siku atakayobanwa, au atampa jirani yake kwa jina la msaada. Mpira wa zamani ukatwe. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Aliivunja mara moja tu.

Tuingie nyumbani kwao. Marehemu baba yake alikuwa mtunza bohari, na alikuwa na pikipiki moja kubwa, ya zamani, tangi jekundu, inayokunywa maji. Enzi hizo mtaa mzima ilikuwa hiyo moja. Aliitengeneza mwenyewe, kila nati, na mipira ya rejeta aliifunga kwa mikono yake. Alipofariki, mama aliiingiza pikipiki sebuleni, akaifunika shuka la maua. Mgeni akija, anakaa kiti cha pili. Pikipiki ndiyo imekaa pazuri.

Mama huyo alizaa wana wawili. Wa kwanza anauza vitambaa vya suti, na yeye mwenyewe haonekani bila suti, hata akienda kununua vitunguu. Wa pili ndiye Dole. Wageni wakifika, mama alikuwa anawatambulisha hivi: "Huyu mkubwa ni mfanyabiashara." Na huyu mwingine, mama? "Huyu naye yupo."

Watu wanacheka. Dole naye anacheka. Mikono yenye grisi anaificha nyuma.

Mkewe, ambaye leo ni mjane, ametuambia hivi: "Baba watoto alikuwa anataka kitu kimoja tu kwa mama yake. Siku moja amwite fundi mbele ya watu. Mtaa mzima unamwita fundi. Mpaka watoto wa shule wanamwita juu ya ukuta. Yeye alikuwa anasubiri kwa mama."

Kitu kimoja. Mama amwite fundi.

Sasa, kila Jumamosi mama alikuwa anakwenda makaburini kumtembelea mumewe. Na alikuwa hapandi kitu kingine ila pikipiki ya mumewe. Kaka mkubwa alisema suti na pikipiki havipatani. Basi ikawa kazi ya Dole. Anamvalisha mama helmeti, ndiyo moja tu iliyokuwepo, anampakia nyuma, wanakwenda. Mjane anasema Ijumaa jioni mumewe alikuwa anaoga kama bwana harusi. Maana Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo mama alikuwa anamshika, hata kama alikuwa anamshika asianguke.

Jumamosi moja kabla ya kuondoka, Dole akaingiza mkono chini ya tangi la baba yake. Akabinya. Biskuti.

Akamwambia mama, mipira hii imekufa, niibadilishe. Mama akasema, "Baba yako aliifunga mwenyewe. Jasho lake limo humo. Usiguse."

Akarudia wiki iliyofuata. "Usiguse."

Mama akasafiri kwa dada yake mgonjwa. Dole akaona nafasi ndiyo hiyo. Akaitoa pikipiki nje, barazani, injini ikiwa baridi, akaweka beseni chini, akamwaga maji ya rejeta. Yalitoka rangi ya chai ya jana. Akalegeza klipu kwa bisibisi. Mkewe alikaa naye, na anakumbuka yote. Anasema mpira wa zamani ukiganda kwenye shingo ya rejeta, mafundi hawauvuti, maana shingo yenyewe ni laini na huvunjika. Wanaupasua tu. Mumewe hakuupasua. Aliuzungusha taratibu, kidogo kidogo, anaupuliza, anaubembeleza kama mtoto anayevuliwa shati akiwa usingizini. Kazi ya dakika chache ikala asubuhi nzima. Akasafisha shingo kwa msasa. Akapaka maji ya sabuni ili mpira mpya uteleze, maana mafuta hula mpira. Akaingiza, akakaza klipu, akajaza maji, akawasha injini kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Ikanguruma vizuri.

Ile ya zamani akaifuta kwa kitambaa, akaifunga uzi, akaiweka kwenye kabati la vioo, kando ya miwani ya baba yake. Zawadi kwa mama.

"Nilimwambia, baba watoto, ikate," anasema mjane. "Akaniambia, 'Siwezi kumpasua baba.'"

Hakuikata, wasikilizaji wapendwa. Ya watu wote aliikata. Ile ya baba yake hakuikata.

Mama alirudi. Hakuona kitu. Aliyeona ni kaka mkubwa, aliyekuja kula. Akafunua shuka, akachungulia, akacheka mpaka majirani wakasikia. "Mama, njoo uone. Mdogo wangu kambadilisha baba utumbo. Mzee sasa ana utumbo wa dukani."

Mama hakucheka. Alimtuma mtu gereji. Dole akaja mbio akidhani mama ameanguka.

"Rudisha," mama akamwambia.

"Mama, ile haifai. Itapasuka."

"Rudisha kama baba yako alivyoiacha. Au radhi yangu uisahau."

Mnajua neno hilo, wasikilizaji wapendwa. Radhi ya mama si neno la kuchezea. Mkewe akapiga magoti. "Mama, nakuomba, mipira ile imekufa."

"Hata mume wangu amekufa. Mbona namtembelea?"

Watu walishajaa barazani. Wapo waliokuja na viti vyao. Kaka mkubwa akaona hadhira imetimia, akaongeza: "Fundi gani anaogopa mpira? Seremala anaogopa ubao?" Watu wakacheka. Ndivyo tulivyo, tukicheka tunadhani hatumo.

Basi Dole akachutama pale, mbele ya watu, mama ameketi kwenye stuli anamsimamia asije akamdanganya. Akaitoa mipira mipya. Akairudisha ya zamani. Ilikuwa imeshaanza kupasukapasuka midomoni, akaisogeza mbele kidogo ipate pa kushika, akakaza klipu mara mbili. Ile mipya alikuwa ameiweka chini. Kaka mkubwa akaiokota, akachukua kisu kutoka kwenye boksi la mdogo wake, akaipasua yote miwili kutoka mdomo hadi mdomo. "Si ndiyo sheria ya gereji yako?" akamuuliza.

Kazi ilipokwisha, mama aliinama, akaitazama mipira ya mumewe, akasema, "Umeona? Kumbe ukitaka unaweza."

Mjane anasema mumewe alitabasamu siku nzima. Wakati wa kula alilirudia neno lile. "Umemsikia mama? Kasema naweza." Mkewe akamwambia usimpeleke Jumamosi, jifanye unaumwa. Akajibu, "Nikikataa, atampata mwingine asiyejua kutazama mshale wa joto. Mimi nitakwenda polepole."

Jumamosi ilifika. Alimvalisha mama helmeti. Wakaondoka.

Njia ya makaburini inapanda kilima. Getini yupo mwanamke anayeuza maua, na yeye ndiye aliyeona. Anasema pikipiki ilikuwa inapanda polepole mno, yeye akidhani inaishiwa mafuta. Kisha akasikia kishindo kama cha chupa inayopasuka. Mpira wa chini ulipasuka kwenye klipu. Mvuke ukafunika mguu wa dereva. "Mguu ulikuwa unafuka," anasema muuza maua. "Mtu mwingine angeitupa ile pikipiki akakimbia. Huyu hakuachia usukani. Nilimsikia anasema, 'Shika, mama, shika.' Alikuwa anatafuta pa kuisimamisha bibi ateremke."

Hakupapata. Maji yalishafika kwenye tairi la nyuma. Tairi likateleza. Wakaanguka upande wa kushoto, yeye chini, mama juu yake. Kichwa chake kilipiga ukingo wa kalavati. Kichwa kisicho na helmeti.

Mama alichubuka kiwiko. Kiwiko kimoja.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Fundi Dole alisikia la mkuu, wasikilizaji wapendwa. Alilisikia vizuri kabisa.

Juzi kaka mkubwa alifika hapa studio. Suti nyeusi, imekaa vyema mabegani, hatuwezi kusema uongo. Akatuomba tutangaze kwamba marehemu alifariki kwa mwendo kasi. Tulimpa maji ya kunywa. Tukamuuliza muuza maua. Akasema mlimani pale hata bata angewapita.

Tulifika pia kwa mama, msibani. Alitupokea vizuri, akatupa viti. Pikipiki imerudi sebuleni, chini ya shuka lile la maua. Tangi limefutwa. Mpira wa juu bado upo, wa chini unaning'inia. Mama anatafuta mtu wa kuufunga utepe, maana Jumamosi zinapita, na sasa makaburi ni mawili. Alimwomba fundi wa matairi. Fundi wa matairi akamjibu, "Mama, mimi ni wa matairi," akatoka nje, akasimama ukutani muda mrefu. Kaka mkubwa naye, tangu siku ile, anaumwa mgongo.

Tulimuuliza mama swali tunalowauliza wafiwa wote. Mama, marehemu alikuwa anafanya kazi gani?

Alifikiri. Tunayo sauti yake kwenye mkanda.

"Alikuwa anashinda gereji," akasema. "Na siku hiyo angeendesha polepole."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mjane. Tunawapa pole watoto, ambao sasa wanapita nyuma ya ule ukuta wa shule wakiziba masikio, wasisikie gereji isiyo na kicheko cha baba yao. Tunampa pole fundi wa matairi, anayekunywa chai peke yake. Na mama, pole. Kuzika mtoto ni mzigo mzito, na wewe ulimwangukia juu, ulimsikia akivuta pumzi yake ya mwisho. Hilo hatuwezi kukuchekea. Mungu akupe nguvu ya kulibeba, na akupe pia nguvu ya kulitazama.

Nanyi mlioko majumbani, tafakarini. Katika nyumba yako yupo mmoja ambaye kazi yake mtaa mzima unaijua isipokuwa nyumba yako. Anakuonya, unamwambia usiguse. Unataka akuthibitishie mapenzi yake kwa kufanya kosa ambalo mteja hata amlipe vipi, hawezi kulifanya. Mwite kwa jina la kazi yake leo, akiwa bado anaweza kugeuka.

Jambo la mwisho. Mjane ametuambia kwamba mama amepata habari za kipindi hiki, na kwamba saa hii redio yake ameizima, amekaa sebuleni. Basi nyie majirani, wa kulia na wa kushoto na wa nyumba ya nyuma, tunawaomba mfungue madirisha. Ongezeni sauti. Zaidi kidogo. Tunasubiri.

Mama. Alikuwa fundi.